Usimrudishe kwao kwa sababu ya sura. Mimi nilifanya hivyo, wiki ya tatu

Mkuu, usimpigie simu mjomba wa mkeo bado. Umeandika una wiki tatu hujagusa pombe, usingizi hupati, washikaji wa kaunta hawakuachi, na mkeo "anakuangalia kwa dharau waziwazi" hadi unataka kumrudisha kwao Jumamosi hii. Hiyo Jumamosi naijua. Yangu ilikuwa Alhamisi.

Nilikunywa miaka 11. Nilianza na bia za mwisho wa mwezi kama waungwana wote, nikaishia kwenye viroba, ile pombe kali ya vifuko, na serikali ilipovipiga marufuku 2017 nikahamia kwenye gongo bila hata kukaa matanga. Asubuhi nazimua, mchana nazimua kile nilichozimulia asubuhi. Mwisho nikaingia soba hausi, nyumba ya kuachishwa ulevi, nikatoka, nikarudi nyumbani Morogoro nimenyooka kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Geti letu lilikuwa na komeo bovu. Nililivunja mwenyewe siku moja nikiwa bwii, na tangu hapo ukiingia lazima likwaruze. Basi wiki ya tatu naingia saa mbili usiku, mkavu kabisa, na mfuko wa ndizi mkononi. Komeo likalia, nikasikia redio ya jikoni inazimwa. Nafika mlangoni, mke wangu kashika mfuniko wa sufuria hewani, hafuniki wala hafunui, midomo kaibana, macho kayashusha mpaka kwenye mkono wangu wa kulia. Hata "pole na kazi" hakuna. Nikamaliza kesi pale pale: huyu ananidharau. Nimeacha pombe kwa ajili yake na bado ananiona takataka.

Siku nne sura ikawa ile ile. Ya tano nikamwita kaka yangu na shemeji, nikatoa hotuba ya kiburi cha wanawake, na Alhamisi nikampandisha mke wangu basi la kwao Tanga na mtoto wetu wa darasa la pili. Sikupiga mtu, sikutukana, nikajiona mwanaume wa haki. Nauli nililipa, soda nikanunua. Cheka tu, nimeshazoea.

Miezi minane baadaye mdogo wake ndiye aliyeniambia. Dada yake alikuwa anazima redio ili asikie komeo, maana miaka yote ile komeo ndilo lililomwambia usiku utakuwaje. Na mkono wa kulia aliuangalia kwa sababu ndio uliokuwa unampiga. Mkuu, ule ulikuwa woga! Mtu anatetemeka mbele yangu, mimi nasoma dharau. Ndizi zenyewe zilikuwa kwenye mkono huo huo na hakuziona.

Wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi, sawa. Ila wa pili ni yule msimamizi wa soba hausi aliyetukalisha kwenye mabenchi akatuambia pombe ni pazia, ukiacha pazia linaanguka, sasa utamwona kila mtu alivyo. Pazia la nani? Mtu kakaa miaka anachoma ubongo wake, halafu unamwambia aamini macho yake kuanzia Jumatatu! Natamani nimpelekee bili za ada.

Kwa sababu jambo hili lilishachunguzwa zamani. Ubelgiji, mwaka 1999, mwanasaikolojia Pierre Philippot na wenzake walichapisha utafiti ambapo walevi waliokuwa wameshaacha, wako kwenye matibabu, walionyeshwa picha za sura za watu. Waliona hisia kali kuliko zilizokuwepo, wakakosea kuliko wasio walevi, na makosa yao yaliegemea wapi? Hasira na dharau. Neno lako hilo hilo. Kibaya zaidi, hawakujua kama wanakosea. Pombe ya miaka inaumiza sehemu za mbele za ubongo na ile amigdala inayoshughulikia woga na hisia, na chupa ikiondoka kazi hiyo hairudi siku hiyo hiyo. Inarudi polepole, miezi, na si kwa kila mtu sawa.

Mimi wiki ile ile nilimsusia mama ntilie nikidhani ananikunjia uso. Kumbe moshi wa kuni.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na niliilipia: miezi sita ya mwanzo, usiamue chochote kwa sura ya mtu. Chochote. Uliza kwa mdomo. "Mama fulani, nimekuona umenyamaza, kuna nini?" Halafu kaa chini, mikono aione, unyamaze mpaka amalize hata kama anachosema kinachoma. Usimjibu "lakini nimeacha". Mimi siku hizi namuuliza hata bosi, "hapo umekasirika au umechoka?" Ofisini wananiita daktari wa nyuso. Waniite.

Mke wangu hakurudi. Tunaandikiana meseji za ada na sare tu, na akinijibu "sawa" yenyewe tupu, bado natumia dakika kumi kutafuta kuna nini ndani yake, kisha nampigia kumuuliza. Mara nyingi ananiambia alikuwa anapika.

Leo jioni muulize wa kwako, kabla ya Jumamosi. Akisema ni dharau kweli, angalau utakuwa umeisikia kwake. Rudi hapa utuambie kasemaje.