Mbona riba ikipanda bei hazishuki fasta?

Swali: Habari mhariri, benki kuu ikipandisha riba tunaambiwa ni ili bei zishuke, mbona mi naona biashara zinadorora kwanza na bei ziko palepale?

Jibu: Umeona sawasawa ndugu yangu, ndo inavyokuwa. Mkopo ukiwa ghali mwenye kiwanda anaahirisha mashine mpya, anapunguza oda, vibarua wanaambiwa wiki ijayo msije, na hapo bei hata haijatikisika, yenyewe inafuata nyuma, mara nyingi mwaka au zaidi. Halafu nchi zinazoinukia watu wengi hawakopi benki kabisa, so riba inawafikia kwa kuzunguka. Njia ya haraka huko ni bei ya dola, riba ikipanda sarafu ya nchi inapata nguvu mbele ya dola na mafuta na bidhaa za nje zinapoa kidogo.

Cheki Uturuki, 2021 walishusha riba toka asilimia 19 hadi 14 huku bei zinapanda, sarafu yao lira ikaporomoka, Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka ukapita asilimia 85. Inaniuma kwa kweli, wa mshahara ndo waliobeba mzigo. Kufika Machi 2024 riba ilikuwa imepandishwa hadi 50.