Titanfall 2: uanze na ya kwanza?

Kwa aliyeuliza kama lazima acheze Titanfall ya 2014, mchezo wa video wa kupigana kwa risasi, kabla ya Titanfall 2: si lazima, nenda moja kwa moja kwenye ya pili. Ile ya kwanza haina hadithi ya mchezaji mmoja, yote ni ya mtandaoni, na iliacha kuuzwa mwishoni mwa 2021. Ya pili, ya 2016, ina hadithi ya saa 6 hivi, na ni nzuri mno. Kwenye misheni ya "Effect and Cause" kitufe kimoja kinakuhamisha kati ya zamani na sasa, hata ukiwa hewani: ukuta usiokuwepo sasa unaudaka kule zamani.

Wengi hufa kwa kukimbia chini tu. Kimbia ukutani upate kasi, ukitua teleza, kisha ruka tena kabla kasi haijapungua. Na ngao ya Titan, yaani roboti kubwa unayoiendesha, hairudi yenyewe kama ilivyokuwa ikirudi kwenye ya kwanza. Inataka betri, na betri unaiiba kwa kumparamia Titan wa adui.

Apex Legends, mchezo mwingine wa 2019, ni ulimwengu uleule, ila ilitoka bila Titan wa kuendesha wala kukimbia ukutani. Hasara kubwa hiyo.