Hospitali imeninyima faili langu, nimlipe mtu alitoe?

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji mwaka jana. Daktari wangu mpya anataka kumbukumbu zote, lakini mapokezi wananiambia faili ni mali ya hospitali. Kuna mtu anayesema atalitoa kupitia mfanyakazi wa ndani nikimpa chochote, na ameshaniomba kitambulisho. Nikubali?

JIBU: Usimlipe, na usimpe kitu kingine chochote.

Hilo la "mali ya hospitali" nalisikia kila wiki, na linanikera kwa sababu ni kweli nusu. Jalada na karatasi zake ni vya hospitali. Faili halisi halitoki, maana ukiletwa usiku hujitambui, daktari wa zamu lazima alikute pale. Ila taarifa zilizomo zinakuhusu wewe, na nakala yake ni haki yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwa Umoja wa Ulaya muda wa kawaida wa kujibu ombi kama lako ni mwezi 1.

Achana na mapokezi. Andika barua kwa kitengo cha kumbukumbu za afya, utaje namba ya faili, tarehe za kulazwa na unachotaka hasa: ripoti ya upasuaji, muhtasari wa kuruhusiwa, majibu ya maabara. Kama ulipigwa picha za mionzi, omba picha zenyewe pamoja na ripoti. Wengi huondoka na ripoti tu. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa hawa vishoka, yaani madalali wa kichochoroni kama huyo wako. Karatasi zinazotolewa kwa mlango wa nyuma hazina muhuri wala sahihi, na mara nyingi kurasa zimeruka. Daktari makini hawezi kuzitegemea. Na anayeuza faili lako kwako atashindwaje kumuuzia mwingine? Wapo pia wanaojiita wataalamu wa mitandaoni: "Nitumie majibu yako nikusomee." Watu wanatuma picha zenye jina, umri na namba ya faili, kisha wanauziwa dawa za kutibu kila kitu. Majibu ya ugonjwa yakishasambaa hayarudishwi, wala huwezi kuyabadilisha kama nywila.

Kama huyo mtu ameshapata kitambulisho chako, iandikie hospitali leo na uombe wakague nani amefungua kumbukumbu zako. Mifumo mingi ya kompyuta huhifadhi jina na saa ya kila aliyeingia.