Maswali yenu: hadithi za China zilizopotea zinarudishwaje?

Wiki iliyopita niliongelea vitabu vya hadithi vya China ya kale vilivyopotea, maswali yamekuja mengi, leo najibu haya.

Kaka, kitabu kimeshapotea, sasa maneno yake yanatoka wapi?

Kwenye vitabu vya watu wengine. Wachina walikuwa na ensaiklopidia kubwa kubwa, mfano Yiwen leiju ya mwaka 624 na Taiping guangji ya mwaka 978 yenye juzuu 500, humo wananakili hadithi halafu wanataja imetoka kitabu gani. Kitabu chenyewe kikapotea, nukuu ikabaki. Mwandishi wa China Lu Xun alipekua hivyo vitabu kwa mkono, hakuna kompyuta wala nini, akaokoteza mabaki ya vitabu 36, na kazi yenyewe imekuja kuchapwa 1938 mwenyewe kashafariki miaka miwili nyuma. Inaniuma kila nikikumbuka.

Tupe mfano basi.

Song Dingbo, huyu nampenda sana. Anatembea usiku anakutana na mzimu, anaudanganya kwamba na yeye ni mzimu, wanakubaliana kubebana kwa zamu, mzimu unalalamika mbona wewe mzito hivi, anajibu mi nimekufa juzi juzi tu. Akaupeleleza mpaka ukamwambia mizimu inaogopa mate. Walipofika sokoni ukageuka kondoo, akautemea mate usibadilike tena, akauuza kwa sarafu 1,500! Sasa Taiping guangji inasema hadithi hii imetoka Lieyi zhuan, kitabu cha hadithi za ajabu kilichopotea, ila ukifungua Soushen ji tuliyonayo leo, mkusanyo mwingine wa hadithi kama hizo, nayo imo. Hapo ndo kazi inapoanza, unalinganisha nukuu neno kwa neno, ipi imefupishwa, ipi ya zamani zaidi.

Mwandishi mnamjuaje?

Kwa tabu. Lieyi zhuan wanasema ya mfalme Cao Pi aliyefariki 226, lakini baadhi ya vipande vinataja mambo yaliyotokea baada ya kifo chake, kwa hiyo ama si yake ama kuna watu waliongezea.

Si mjazie tu mapengo watu wasome vizuri?

Hapana jamani. Soushen ji ya Gan Bao ilikuwa na juzuu 30, hii ya juzuu 20 inayosomwa sana ilikusanywa upya enzi za watawala wa Ming (1368–1644) na humo zimeingizwa hadithi zisizo za Gan Bao, mpaka leo wataalamu wanazichambua moja moja kuzitoa. Pengo liachwe pengo, na kila kipande kiandikwe kimetoka juzuu gani.