"Biashara imepoa" si sifa

Kuna wanaouliza kama mchuuzi anayesema biashara yake "imepoa" anajisifu, kwa kuwa "poa" ni neno zuri. Hapana, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, soko la samaki la Kigoma, anayesema "biashara imepoa" hajisifu, bali analalamika kwamba wateja wamepungua. Mzizi ni kitenzi kupoa, yaani kupungua joto, kama uji unavyoachwa upoe kabla ya kunywewa, na humo ndimo lilimotoka lile "poa" la kujibu "mambo?", lenye maana ya shwari, pamoja na "bei poa", ambayo ni bei nafuu. Nimeuza samaki hapo miaka mingi, na mteja akiniambia "nifanyie bei poa" huku ameushika mgebuka mkiani, najua anataka nimpunguzie. Ila tafadhali, msimwite msichana "dada poa", kwani humaanisha kahaba, na hilo ni tusi zito.