Jibu: Pentax K1000 ya mtumba, mlango unanata na lenzi ina fangasi

Mkuu, umesema umeokota Pentax K1000 mtumbani Tanga, mlango wa nyuma unaacha uchafu mweusi unaonata, lenzi ina nyuzinyuzi nyeupe ndani, na fundi amekuambia uitupe. Usiitupe. Mimi niko Dar, kamera za Kijapani za umri huo nimezisafishia sana mezani kwangu, na huku pwani ugonjwa ni ule ule: sponji iliyooza na unyevunyevu.

K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 na ni ya springi na meno tu. Betri ni ya kipima mwanga peke yake. Spidi zote, sekunde 1 hadi 1/1000, zinafanya kazi bila betri, kwa hiyo mshale wa kipima mwanga usipocheza hujapoteza kamera.

Kabla ya kusafisha chochote, pima shata, yaani yale mapazia ya ndani yanayofunguka kupitisha mwanga, maana ikiwa imekufa utapoteza Jumamosi yako bure. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza dirishani, weka 1/1000 na ufyatue huku unatazama kwa nyuma. Fremu nzima ing'ae sawasawa. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia hayakimbizani vizuri na hapo ni kazi ya fundi. Spidi za chini rekodi kwa simu yenye slo-mo ya fremu 240 kwa sekunde: kwenye 1/30, katikati ya fremu mwanga uonekane kwa takriban fremu 8 za video. Kamera iliyolala miaka mingi huanza kwa uvivu, ifyatue mara nyingi kwanza ndipo uihukumu.

Sasa huo uchafu unaonata. Ni sponji ya kuzuia mwanga, ambayo ikizeeka huyeyuka. Iko kwenye mifereji miwili ya mlango, kwenye bawaba, na nyingine juu ya kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya lenzi, pale kinapogonga kikipanda ukifyatua. Ilainishe kwa alkoholi ya IPA, ile mafundi simu wanayosafishia bodi, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha meno na umalizie na pamba za masikio. Spiriti ya duka la dawa mimi siitumii, nyingine zina mafuta ndani yake na zinaacha utando. Kamera iinamishe ili makombo yadondoke nje, yasiingie kwenye mapazia. Hayo mapazia ni kitambaa, usiyaguse wala usiyapulizie hewa ya mgandamizo.

Badala ya sponji ya mifereji mimi naweka uzi mweusi wa sufu wa kufumia, naubana kwa gundi kidogo sana. Haunati tena milele na ni wa bei ya chai. Kwenye bawaba panataka kitu kinene zaidi, kata sponji nyeusi au kitambaa cha feliti. Ile ya kwenye kioo usiiache wazi eti haizuii mwanga: bila mto, kioo kinagonga chuma kila ukipiga picha.

Kioo chenyewe kimepakwa tabaka la kuakisi upande wa juu, tofauti na cha kujitazamia, kikikwaruzwa ndiyo basi. Pulizia tu kwa ile pampu ya mpira ya kunyonya kamasi za watoto. Kioo cha fokasi kilicho juu yake ni plastiki, alkoholi inakiharibu. Vumbi unaloliona kwenye kidirisha cha kutazamia halitokei kwenye picha, kwa hiyo uzuie mkono wako.

Fangasi ya lenzi inategemea iko wapi. Ikiwa kwenye kioo cha mbele au cha nyuma, futa kwa haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa, kisha IPA, kwa kitambaa cha miwani. Ikiwa ndani, pete ya mbele yenye maandishi hufunguliwa kwa kuibana na kipande cha mpira na kuizungusha, ukitumia koleo utaikwangua. Piga picha kwa simu kila hatua, na nyuzi za kuzungushia za pete ya fokasi usizitenganishe hata kidogo. Ukikutana na skrubu, tafuta bisibisi ya kipimo cha JIS, yaani cha Kijapani, kwani nyota ya kawaida inakula vichwa vya skrubu za Kijapani. Alama ya fangasi iliyokwisha kula tabaka lililopakwa juu ya kioo cha lenzi haiondoki, ila doa dogo halionekani kwenye picha isipokuwa ukipiga kulielekea jua.

Betri ni moja ya LR44, kifuniko kiko chini, kinafunguka kwa sarafu. Kama kuna unga mweupe, tone la siki kwenye pamba, kisha IPA. Kipima mwanga cha K1000 hakina swichi ya kuzima, usipopiga weka kifuniko cha lenzi. Mkoba wa ngozi uliokuja nayo uuze au uutundike ukutani, unatunza unyevu. Kamera ikae kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu.

Filamu ya kwanza, ikiwa ya ISO 400, jua la mchana weka f/16 kwenye pete ya lenzi na spidi ya 1/500 bila kujali mshale unasema nini. Kabla ya yote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, piga picha kwa mbele na uitupie hapa, tuone kama ni fangasi kweli au ni mafuta yaliyosambaa.