Seli hujiua, hufa au hupukutika?

Swali: Ninafasiri kijitabu cha saratani. Wengine wameandika "seli hujiua", wengine "kifo cha seli kilichopangwa". Lipi bora? Na je, ni sawa kusema mtu "ana jeni ya saratani"?

Jibu: "Kujiua" kunaeleweka upesi, lakini mimi ningeliepuka neno hilo. Ile -ji- ya kujitendea inaleta picha ya mtu aliyekata tamaa, na kwetu kujiua ni msiba mzito. Mgonjwa atashtuka bure, ilhali jambo lenyewe ni la heri: vidole vya mtoto tumboni huachana kwa sababu seli za utando ulio baina yavyo hufa zamu yao ikifika. "Kufa" peke yake nako hakutoshi, maana hata seli iliyoungua kwa maji ya moto imekufa. "Kifo kilichopangwa" ni sahihi, ila kinanuka ofisi, tena kama kuna muuaji aliyekaa akapanga.

Wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie, walioupa utaratibu huu jina la kitaalamu, apoptosis, mwaka 1972, waliliazima kwenye neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini. Sisi picha hiyo tunayo tangu zamani: kupukutika. Najua husemwa pia watu wamepukutika kwa maradhi, lakini ukitaja seli, msomaji ataona mti na majani yake. Na neno lina uzao mzuri: seli hupukutika, jeni huipukutisha, na tukio ni mpukutiko.

Hapo ndipo "jeni ya saratani" inapopotosha. Jeni iitwayo TP53 kila mtu anayo, na kazi yake ni kinga: seli ikiharibika, huizuia isigawanyike mpaka itengenezwe, na madhara yakizidi huipukutisha. Nusu hivi ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni hii. Jeni ya MYC nayo, inayochochea seli kugawanyika, sote tunayo. Katika uvimbe wa Burkitt, ule wa saratani alioueleza daktari Burkitt mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda, mara nyingi MYC imehama kutoka kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 8 kwenda ya 14, na huko haizimiki. Basi sema mtu "ana hitilafu katika jeni" fulani, uitaje.

Kwenye kijitabu chako ningeandika hivi: "Jeni ya TP53 ikiharibika, seli iliyopaswa kupukutika hubaki, ikaendelea kugawanyika."